Kusi na Jina la Findlater: Machapisho, Marejeleo na Maarifa ya Upepo Mombasa

Ikisiri

Makala hii inachunguza rekodi ya machapisho ya John Findlater, mtaalamu wa sayansi ya angahewa ambaye kati ya mwaka 1966 na 1977 aliandika mfululizo wa makala kuhusu mkondo wa upepo unaopita juu ya Kenya wakati wa kusi. Inaonyesha jinsi machapisho hayo yalivyorejelewa hadi mkondo wenyewe ukaitwa kwa jina lake. Kisha inailinganisha njia hiyo na njia ya maarifa ya wanamaji wa Mji wa Kale wa Mombasa, ambayo ni ya kale zaidi lakini hayaingii katika kipimo chochote cha marejeleo. Hoja kuu ni kwamba idadi ya marejeleo hupima safari ya maandishi, wala haipimi safari ya maarifa. Na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana wajibu mahususi katika pengo lililopo baina ya safari hizo mbili.

1.0 Utangulizi

Kisiwa cha Mombasa kina bandari mbili. Upande wa magharibi ipo Kilindini, bandari ya meli kubwa, ambayo jina lake lenyewe hueleza kina cha maji yake. Upande wa mashariki, chini ya nyumba za Mji wa Kale na si mbali na Ngome iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, ipo bandari ya kale, bandari ya majahazi. Kwa karne nyingi bandari hii ya pili iliendeshwa na kalenda ya upepo. Majahazi yaliyotoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalishuka na kaskazi, upepo uvumao kutoka kaskazini-mashariki takriban Desemba hadi Machi. Yalirudi na kusi, upepo utokao kusini na kusini-mashariki, unaoshika nguvu kuanzia Aprili au Mei. Nahodha aliyekosea majira alilazimika kungojea miezi kadhaa kabla ya kutweka tanga.

Upepo huohuo wa kusi una maisha ya pili katika maandishi ya sayansi ya angahewa. Huko haujulikani kwa jina la kusi. Sehemu yake yenye kasi kubwa, ipitayo juu ya mashariki ya Kenya na kuelekea Somalia, hutajwa na wataalamu wengi kuwa ni mkondo wa Findlater. Swali linaloongoza makala hii ni jepesi kuuliza, lakini jibu lake lina uzito: ilikuwaje upepo uliokuwa na jina katika Kiswahili kwa muda mrefu ukapata jina la mtafiti mmoja? Na jambo hilo linamfundisha nini mwanafunzi wa Kiswahili kuhusu uandishi, urejeleaji na haki ya wale waliotangulia kujua?

2.0 Kusi katika Lugha ya Wanamaji

Kabla ya kumwangalia mtafiti ni vyema kuiangalia lugha. Istilahi za upepo katika Kiswahili cha pwani haziishii kwenye kusi na kaskazi. Lipo neno matlai, upepo utokao upande wa macheo, ambalo asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mahali pa kuchomoza. Upo umande, upepo mwanana utokao nchi kavu kuelekea baharini wakati wa alfajiri. Yapo maleleji, majira ambayo kusi na kaskazi hupokezana na upepo haukai upande mmoja. Majira hayo pia huitwa tanga mbili, kwa kuwa chombo huweza kusafiri kwenda na kurudi. Ipo demani, kipindi ambacho nguvu za kusi hupungua na bahari huanza kutulia.

Istilahi hizi ni mfumo, si orodha ya majina ya kupambia mashairi. Kila neno hueleza mambo matatu kwa pamoja: upande utokako upepo, majira yake, na tendo ambalo mwanadamu anaweza kulifanya au asilifanye. Kusi ikishika, mvuvi wa chombo kidogo hubaki ndani ya miamba. Demani ikiingia, hutazama nje tena. Wakulima na wanamaji waliyapanga majira hayo kwa mwaka wa jua unaoanza na Nairuzi na kuhesabiwa kwa miongo, yaani makundi ya siku kumi kumi. Mwaka wa Kiislamu unaofuata mwezi haukuweza kutumika kwa kazi hiyo, kwa kuwa miezi yake huhama katika majira.

Neno msimu lenyewe linastahili kutazamwa. Asili yake ni Kiarabu mawsim, wakati maalumu wa jambo. Wareno walilichukua neno hilo baharini wakalitamka kwa namna yao, kutoka kwao likaingia katika lugha nyingine za Ulaya, na hatimaye likarejea katika vitabu vya jiografia vya Afrika Mashariki likiwa monsuni. Mwanafunzi anayesoma pepo za monsuni darasani, na kusikia msimu wa kusi nyumbani Kibokoni, anasikia neno moja lililopita njia mbili. Hii ni dalili ya kwanza kwamba maarifa ya bahari hii yaliingia katika sayansi ya dunia bila ya kuandikiwa cheti cha kuzaliwa.

3.0 Rekodi ya Machapisho ya Findlater

Findlater alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa wa Kiingereza aliyeuchunguza upepo wa Kenya katika miaka ya 1960. Data yake ilitokana na kazi ya kila siku ya vituo vya hali ya hewa, hususan kurusha maputo madogo na kuyafuatia kwa darubini ya vipimo ili kujua kasi ya upepo katika vimo mbalimbali. Garissa ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyompa ushahidi muhimu.

Mwaka 1966 alichapisha makala iliyoeleza kwamba juu ya Kenya ipo mikondo ya upepo wa kasi kubwa, katika kimo cha chini, inayovuka ikweta kutoka kusini kwenda kaskazini. Mwaka 1967 aliongeza ushahidi zaidi. Mwaka 1969 zilitoka makala mbili katika jarida la Chama cha Kifalme cha Hali ya Hewa cha Uingereza. Ya kwanza iliuchora mkondo huo kama mfumo mmoja mkubwa unaozunguka magharibi ya Bahari Hindi. Ya pili ilikadiria wingi wa hewa inayohamishwa kutoka nusu ya kusi ya dunia kwenda nusu ya kaskazi. Mwaka 1971 alitoa ramani za wastani wa upepo kwa kila mwezi, na makala nyingine zilifuata mwaka 1974 na 1977.

Maelezo yake kwa ufupi ni haya. Wakati wa kusi, hewa hutoka kusini mwa Bahari Hindi ikiwa upepo wa kusini-mashariki. Ikifika Afrika Mashariki hukutana na ukuta wa nyanda za juu za Kenya na Ethiopia, ikabanwa na kuongeza kasi. Huvuka ikweta, hupinda juu ya Somalia na kuwa upepo wa kusini-magharibi, huivuka Bahari ya Arabu na kufika India. Kasi kubwa zaidi hupatikana katika kimo cha takriban mita 1,500. Kitovu hicho hakipiti juu ya Ngome ya Mombasa, lakini kusi inayopiga kuta za Ngome na mkondo unaopita juu ya Garissa ni sehemu za mfumo mmoja.

Hapana budi kukiri ukubwa wa kazi hiyo. Nahodha wa Mombasa aliijua kusi ya usoni mwa bahari, ile inayojaza tanga. Hakuwa na namna ya kupima hewa iliyo mita 1,500 juu ya mlingoti wake. Findlater alileta kipimo ambacho hakikuwapo, na kuunganisha upepo wa Kenya na mvua ya India kwa ushahidi unaoweza kukaguliwa na mtu mwingine.

4.0 Jinsi Makala Inavyopata Uzito

Kwa nini machapisho hayo yalirejelewa mno? Sababu nne zinaweza kutajwa. Kwanza, yalijibu swali lililokuwa likiwashughulisha wengi, yaani chanzo cha hewa inayoleta mvua India. Pili, yalikuwa mfululizo: kila makala iliisukuma ile iliyotangulia, na msomaji aliyekutana na moja aliongozwa kwa nyingine. Tatu, yalitoa ramani na takwimu ambazo watafiti wengine waliweza kuzitumia katika kazi zao. Nne, yalikuwa katika lugha na majarida yaliyofika katika maktaba za vyuo vingi.

Zipo kazi nyingine za wakati huohuo. Mwaka 1966, mwaka wa makala ya kwanza ya Findlater, wataalamu wa India P. V. Joseph na P. L. Raman walichapisha ugunduzi wa mkondo wa kasi wa magharibi juu ya rasi ya India katika mwezi wa Julai, katika kimo kinacholingana. Kwa maelezo ya leo, huo ni mwendelezo wa mkondo uleule. Kazi yao inajulikana na inaheshimiwa na wataalamu, lakini jina lililokaa juu ya mkondo ni moja. Wengine hukwepa jina la mtu na kusema mkondo wa Somalia, au mkondo wa Afrika Mashariki wa kimo cha chini. Upepo mmoja, basi, una majina matatu ya kitaalamu, na jina la nne, kusi, limebaki nje ya mlango.

Mwanasosholojia Robert Merton alieleza mambo mawili yanayosaidia hapa. La kwanza, katika makala ya 1968, ni kwamba katika sayansi mwenye sifa huongezewa sifa: jina likishajulikana, hurejelewa hata pale ambapo mwingine alifanya kazi sawa. La pili ni kwamba wazo likienea sana, watu huacha kumtaja mwenyewe, kwa kuwa limekuwa mali ya wote. Anayeandika leo kuhusu mkondo wa Findlater bila ya kutaja makala ya 1969 amelitaja jina na kuacha rejeo. Hivyo hata rekodi ya Findlater haihesabiki kikamilifu.

5.0 Vipimo vya Marejeleo na Mipaka Yake

Kuhesabu marejeleo si desturi ya kale. Eugene Garfield alipendekeza fahirisi ya marejeleo ya sayansi mwaka 1955, na fahirisi hiyo ikaanza kuchapishwa katika miaka ya 1960. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo kinachojulikana kama fahirisi h. Kanuni yake ni hii: mtafiti ana fahirisi ya 4 iwapo ana machapisho 4 ambayo kila moja limerejelewa angalau mara 4. Tuseme mtafiti wa kubuni ana makala 6 zilizorejelewa mara 40, 22, 9, 4, 3 na 1. Fahirisi yake ni 4, kwa sababu makala ya tano haikufikisha marejeleo 5. Makala iliyorejelewa mara 40 haimwongezei chochote zaidi ya ile iliyorejelewa mara 4.

Kipimo hiki kina faida. Huzuia mtu kujivunia wingi wa makala zisizosomwa, au makala moja iliyobahatika. Lakini kina mipaka ambayo msomaji wa Kiswahili anapaswa kuielewa. Huhesabu kilichochapishwa na kuingizwa katika fahirisi tu. Jarida lisiloingizwa humo ni sawa na jahazi lisiloandikwa forodhani: shehena ipo, lakini daftari halina habari nayo. Hulinganisha vibaya fani na fani, kwa kuwa watu wa fasihi hurejelea vitabu na diwani, na watu wa angahewa hurejelea makala. Zaidi ya hayo, hakihesabu mtu aliyesimulia. Maneno ya nahodha yanaweza kutajwa katika tasnifu mia, na fahirisi yake ikabaki sifuri.

Aidha, kurejelewa si kuthibitishwa. Historia ya pwani hii ina mfano mzuri. Vasco da Gama alifika Mombasa Aprili 1498, akaenda Malindi, akapewa rubani na kuivuka bahari hadi India kabla ya Mei kwisha, mwanzoni mwa kusi. Vitabu vingi vimeandika kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid wa Julfar, mwandishi mashuhuri wa elimu ya ubaharia wa karne ya 15. Dai hilo linatokana na mwanahistoria wa Makka wa karne ya 16, al-Nahrawali. Katika karne ya 20 Gabriel Ferrand alilieneza, na wengine wakamrejelea. Vyanzo vya Kireno vyenyewe vinaelekeza kwa rubani wa Kigujarati, na G. R. Tibbetts, aliyetafsiri kazi ya Ibn Majid mwaka 1971, ni miongoni mwa waliolitilia shaka dai hilo. Wingi wa marejeleo ulilipa nguvu dai bila ya kulipa ushahidi. Wakati huohuo, jambo ambalo Ibn Majid alilifanya kwa hakika, yaani kuandika majira ya safari za msimu katika kitabu chake cha takriban mwaka 1490, halitajwi sana.

6.0 Mfano kutoka Fasihi: Muyaka na Mwalimu Sikujua

Mwanafunzi wa fasihi anaweza kudhani kwamba hili ni tatizo la wanasayansi peke yao. Sivyo. Mji wa Kale wa Mombasa unao mfano wake. Mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita aliyefariki katika karne ya 19, yalihifadhiwa kwa jitihada za Mwalimu Sikujua, aliyefanya kazi pamoja na mmisionari W. E. Taylor. Diwani ilichapishwa mwaka 1940 ikiwa na jina la mhariri, William Hichens. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz alitoa uchambuzi wake mkubwa. Katika tasnifu nyingi rejeo huandikwa Hichens na mwaka, au Abdulaziz na mwaka, na ndivyo kanuni inavyotaka. Lakini kanuni hiyo haina safu ya Mwalimu Sikujua, ambaye bila yeye huenda safu nyingine zote zingekuwa tupu.

Mifano miwili hii, wa upepo na wa ushairi, ina muundo mmoja. Yupo anayejua, yupo anayeandika, na yupo anayehesabiwa. Wakati mwingine watu hao ni mmoja; mara nyingi sivyo. Hakuna haja ya kumlaumu Findlater wala Hichens, kwani kila mmoja alifanya kazi ambayo ingekosekana bila yeye. Kasoro imo katika daftari linalojua kuandika jina moja tu.

7.0 Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Haitoshi kulalamika kwamba maarifa ya wazee hayathaminiwi. Malalamiko hayarejelewi na yeyote. Yanayorejelewa ni maandishi yenye ushahidi, na hapo Findlater ni mwalimu mzuri hata kwa mtu wa fasihi. Makala hii inapendekeza mambo manne.

Kwanza, istilahi za upepo na bahari zikusanywe kama data. Haitoshi kuandika kwamba matlai ni aina ya upepo. Inafaa kuandikwa nani alisema, kwa idhini yake, mtaa gani, tarehe gani, upepo ulitoka upande gani, mwezi gani, na dalili zipi ziliutangulia. A. H. J. Prins alionyesha mwaka 1965, katika kitabu chake kuhusu ubaharia wa Lamu, kwamba utamaduni wa bahari unaweza kuandikwa kwa mpangilio. Mombasa inastahili kazi ya namna hiyo iliyoandikwa kwa Kiswahili.

Pili, kauli za wazee zilinganishwe na rekodi za vituo vya hali ya hewa. Mzee akisema kwamba maleleji ya siku hizi hayana mpaka kama ya zamani, hiyo ni dhana inayoweza kupimwa. Ikithibitika, ni matokeo. Isipothibitika, ni matokeo pia, na mzee hajavunjiwa heshima kwa kuulizwa vizuri.

Tatu, istilahi zilizopo zitumike kabla ya kutafsiri. Si ajabu kukuta mtu akiandika mvua fupi, kwa kufuata Kiingereza, ilhali neno vuli lipo. Profesa Laban Ogallo, mtaalamu wa Kenya aliyefariki mwaka 2020, alichapisha mwaka 1988 makala kuhusu uhusiano wa mvua za Afrika Mashariki na mabadiliko ya mgandamizo wa hewa katika Pasifiki, na makala hiyo imerejelewa sana duniani. Ni ushahidi kwamba mtafiti wa hapa husikika anapojibu swali kwa data. Kazi inayobaki kwa watu wa lugha ni kuhakikisha kwamba matokeo ya namna hiyo yanapoelezwa kwa mvuvi na mkulima, yanaelezwa kwa vuli, masika na kusi.

Nne, wanaoandika kwa Kiswahili warejeleane. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lakini mara ngapi tasnifu ya Kiswahili hurejelea kazi za kigeni na kuipita kimya makala ya jarida la Kiswahili iliyojadili jambo lilelile? Mhadhiri anayeandika kwa Kiswahili hupimwa anapotaka kupandishwa cheo, na kimya hicho huhesabiwa dhidi yake. Urejeleaji wa haki hauhitaji fedha wala ruhusa ya mtu. Huhitaji kusoma tu.

8.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba jina la Findlater lilifika juu ya upepo kwa njia inayoeleweka: kipimo, mfululizo wa machapisho, swali lililokuwa na wenyewe, na urejeleaji uliojirudia. Imeonyesha pia kwamba njia hiyo haikuwa na kituo cha kuwapokea waliokuwa wakiijua kusi kwa karne nyingi. Mambo hayo mawili ni kweli kwa pamoja, na moja halilifuti jingine. Kusi huvuma Mombasa kila mwaka bila ya kumuuliza mtu jina lake. Lakini wazee wanaoweza kueleza tofauti ya matlai na umande hawarudi kila mwaka kama kusi, na kila asiyeandikwa huondoka na ukurasa ambao hakuna fahirisi itakayouonyesha kuwa umepotea.

Maswali ya Mjadala

1. Fafanua tofauti baina ya kupima maandishi na kupima maarifa, ukitumia mifano miwili kutoka fasihi simulizi ya jamii yako.

2. Kokotoa fahirisi h ya mtafiti mwenye machapisho 5 yaliyorejelewa mara 12, 7, 3, 3 na 0. Eleza jambo moja ambalo nambari hiyo hailielezi.

3. Je, msimulizi aliyetoa data ya utafiti anastahili kutajwa kama mwandishi mwenza? Toa hoja za pande zote mbili.

4. Kusanya istilahi tano za majira au upepo kutoka kwa msemaji mmoja, na uonyeshe namna utakavyomrejelea.